Eti Mawazo Si Ugonjwa! Historia fupi ya maneno ya huzuni ya Waingereza

Najua nimepotea humu kibarazani karibu mwezi mzima. Mitihani ilitukaba shingoni, halafu umeme wa bwenini nao mnaujua. Nimerudi. Ila leo sina picha za kantini wala umbea wa nani kaonekana na nani, leo ni historia. Historia ya maneno, tena maneno ya Kiingereza. Msinikimbie, someni mpaka chini ndipo mtukane.

Chanzo ni mwenzangu wa chumbani. Ameniruhusu kuandika ila jina lake nisilitaje. Muhula uliopita alianza kupungua kidogo kidogo. Kwanza aliacha kipindi cha saa moja asubuhi, tukacheka, nani anakipenda? Halafu akaacha vya mchana. Halafu chakula. Chai inapoa mbele yake, yeye anatazama ukuta. Saa tisa za usiku nikigeuka namkuta macho yako wazi, hasomi, hachati, yupo tu. Nikamvuta mpaka zahanati. Mhudumu akamuuliza, "Unasumbuliwa na nini?" Akajibu, "Nina mawazo." Yule bwana akacheka, wala si kwa ubaya, akasema, "Kijana, mawazo si ugonjwa. Boom likichelewa nani hana mawazo?" Akampima malaria, haikuonekana, akampa panadol, tukarudi.

Wiki mbili baadaye tukaenda tena, maana hali ilikuwa mbaya zaidi. Safari hii tulimkuta daktari mwingine, na mwenzangu alikuwa ameokota neno kwenye simu. Alilitamka kwa Kiingereza, kwa aibu kidogo: "depression". Daktari akaacha kuandika. Akainuka, akafunga mlango. Maswali yakaanza: usingizi, chakula, tangu lini, nyumbani kukoje, je kuna siku unaona bora usingekuwepo? Siku ileile akaandikiwa rufaa.

Mtu ni yuleyule, maumivu ni yaleyale. Kilichobadilika ni neno. Sawa, inawezekana daktari wa pili alikuwa tu mtu makini zaidi, sibishi. Lakini lile swali lilinikaa kichwani: hili neno limepata wapi nguvu ya kufunga mlango na kuandika rufaa, ambayo "nina mawazo" haina? Nikajichimbia maktaba wakati wenzangu wanapiga msuli wa mambo ya maana. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Nikaanza na neno dogo kabisa, lile la shule ya msingi: "sad". Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno hili lilimaanisha aliyeshiba. Naam, shibe! Wajerumani, ndugu zao kwa lugha, mpaka leo mtu aliyeshiba wanasema ni "satt". Sasa mtu akishiba sana anakinai, akikinai anakuwa mzito, na uzito ndio ukawa hatua ya pili: kitu "sad" kikawa ni kitu kizito, kilichotulia, kisichoyumba. Mshairi Chaucer, karne ya 14, aliweza bado kumwita mtu "sad" akimsifia kwamba ni thabiti, ana msimamo. Lakini karne hiyohiyo uzito ulishaanza kuhamia moyoni, na maana hiyo ya huzuni ndiyo iliyoshinda. Hata hivyo ile ya zamani ilibaki pembezoni: sehemu fulani za Uingereza mkate uliokataa kuumuka waliuita mkate "sad". Hii nimeipenda mno. Ukimtazama mwenzangu siku zile, ndivyo alivyokuwa, mkate uliokataa kuumuka.

Sasa angalieni, "sad" ni neno la kila mtu. Mchunga kondoo analo, malkia analo, halihitaji shule. Nilipoendelea kusoma nikagundua Kiingereza kina rafu nyingine ya juu, ambako wameweka maneno ya huzuni yenye cheti, yaani yale ambayo ukiyapata unaonekana una ugonjwa wa heshima. Na hayo hayakugawiwa kwa wote. Historia yenyewe iko hapo.

Neno kubwa la rafu hiyo ni "melancholy". Si la Kiingereza hata kidogo. Ni Kigiriki, "melas" ni nyeusi na "khole" ni nyongo. Tangu enzi za Hippocrates, karne ya 5 kabla ya Kristo, matabibu wa Kigiriki walianza kueleza afya kwa majimaji ya mwili, na baadaye Galen akaimarisha hesabu ya manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ile nyeusi ikizidi, mtu anaingiwa na hofu na huzuni isiyokwisha. Msije mkadhani hii elimu ilitoka Ugiriki ikaruka moja kwa moja kwenda London. Ilipita kwa Waarabu. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita tabibu Ishaq ibn Imran aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huu akiwa Kairouan, Tunisia ya leo, yaani hapahapa barani kwetu. Karne ya 11 mtu wa Afrika Kaskazini aliyeitwa Constantine, Wazungu wakamwongezea "Mwafrika", akakigeuza Kilatini akiwa kwenye monasteri ya Monte Cassino, Italia, na Ulaya ikakisoma kwa karne nyingi.

Halafu kuna kitu kilichonifanya nicheke peke yangu maktaba. Yale majimaji mbona tunayo? Balghamu, neno letu la kohozi, ni lilelile la Kigiriki lililopitia Kiarabu. Na safura, ambayo siye tunaijua kama ugonjwa wa minyoo unaokausha damu, kwa Kiarabu ndiyo nyongo ya manjano yenyewe. Kiswahili kilirithi vipande vya mfumo uleule. Ile nyongo nyeusi tu ndiyo sijaona kama ilitufikia kwa jina.

Kabla sijaendelea, kuna neno moja lililokufa ambalo wanafunzi tungelihitaji sana: "accidie". Lenyewe nalo lilizaliwa Afrika, jangwani Misri, karne ya 4. Kule waliishi watawa peke yao kila mmoja kibandani kwake, na mmoja wao, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, alieleza pepo wa adhuhuri: jua limesimama, siku haitembei, mtawa anachungulia dirishani kila mara, anakichukia kibanda, anaichukia kazi, anakumbuka nyumbani. Wanaosoma Zaburi ya 91 wanamjua huyo wa adhuhuri. Kosa likafanyika baadaye: kanisa lilipopanga upya orodha ya dhambi, hali hii ikamezwa na uvivu. Kwa hiyo aliyekuwa anaumwa akawa mvivu anayepaswa kukemewa. Mwenzangu naye alikemewa hivyo na mjomba wake kwenye simu, miaka zaidi ya 1,600 baada ya Evagrius.

Turudi kwenye "melancholy", maana Uingereza ilipoingia karne ya 16 neno hili lilipanda bei. Kuna andiko la kale linalohesabiwa chini ya jina la Aristotle, linalouliza kwa nini watu wote waliong'ara kwenye falsafa, siasa na ushairi wana nyongo nyeusi. Mwaka 1489 Marsilio Ficino wa Florence, aliyekuwa mwenyewe mtu wa huzuni, akalifufua andiko hilo katika kitabu chake kuhusu afya ya wasomi. Basi bwana! Kama huzuni ni alama ya akili nyingi, nani hataki? Vijana wa London wakaanza kuvaa nguo nyeusi, kukunja mikono kifuani na kushusha kofia machoni. Mwaka 1598 Ben Jonson akaigiza kijana mshamba kwenye jukwaa, anaulizia kama pana kigoda cha kukalia ili na yeye awe na "melancholy". Watu walicheka kwa sababu walimjua. Siye tunawajua pia, si wapo wanaopiga picha dirishani siku ya mvua?

Lakini si wote waliokuwa wanaigiza. Mwaka 1586 daktari Timothie Bright alishaandika kitabu cha Kiingereza kuhusu ugonjwa huu. Na mwaka 1621 kikatoka kitabu cha ajabu kuliko vyote, "The Anatomy of Melancholy" cha Robert Burton. Huyu alikuwa mtu wa chuo. Aliishi Christ Church, Oxford, karibu maisha yake yote ya utu uzima mpaka alipofariki mwaka 1640. Hakuoa, hakusafiri, alisoma tu. Anasema wazi kwamba aliandika kuhusu huzuni ili ajishughulishe asije akamezwa nayo. Na kila alipomaliza kitabu alikianza tena. Toleo la 1624, la 1628, la 1632, la 1638, kila moja limenenepa kuliko lililopita, na jingine la 1651 likatoka akiwa ameshazikwa. Mtu hawezi kuweka kalamu chini. Mie nilimhurumia.

Burton ana sehemu nzima kuhusu sisi, wanafunzi. Anaorodhesha kukaa kutwa nzima bila kutembea, kukesha, upweke, kuwaza bila kupumzika, halafu anaingia kwenye lile linalouma zaidi: umaskini wa msomi. Umesoma miaka yote hiyo, unahitimu, hakuna kazi, unajipendekeza kwa tajiri akupe kiti pembeni ya meza yake. Nilisoma ukurasa huo nikamwita mwenzangu nikamwambia huyu babu alikuwa anaishi Hall yetu. Ndiyo mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona anacheka. Lakini mkimsoma Burton vizuri mtaona jambo: yeye huzuni anaiona kila mahali, kwa wapenzi, kwa wacha Mungu, kwa wafalme, kwa nchi nzima. Kwake hakuna aliyenyimwa. Waliokuja baada yake ndio waliojenga ukuta.

Karne ya 18 neno la mtindo lilikuwa "spleen", yaani bandama, kwa sababu waliamini nyongo nyeusi inakaa humo. Wanawake wa tabaka la juu wao walisemekana wana "vapours", mivuke inayopanda kutoka tumboni kwenda kichwani. Mwaka 1733 daktari George Cheyne, Mskoti aliyekuwa anatibu kwenye mji wa matajiri wa Bath, akatoa kitabu akakiita "The English Malady", ugonjwa wa Kiingereza. Wageni walikuwa wanawasema Waingereza kwa maradhi haya, yeye akalichukua lile tusi akalipiga pasi likawa sifa. Kwa nini tunaumwa? Kwa sababu sisi ni matajiri, biashara yetu inaleta vyakula vya dunia nzima, tunaishi mijini, tunafikiri sana. Akasema karibu theluthi moja ya maradhi ya watu wenye hadhi ni haya ya neva. Wajinga na wazito wa akili, kwa maelezo yake, hayawasumbui sana. Cheyne mwenyewe alikuwa mgonjwa, na kuna wakati alifikia uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo alikuwa anajitibu na kujisifu kwa pamoja. Simchukii. Ila oneni alichofanya: kuumwa huzuni sasa ni ushahidi kwamba umestaarabika. Na kama ni hivyo, asiyehesabiwa kuwa mstaarabu hawezi kuumwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Mwaka 1851, Marekani ya kusini, daktari Samuel Cartwright aliandika kwenye jarida la kitabibu la New Orleans kuhusu magonjwa ya watumwa. Mtumwa anayetoroka, alisema, anaumwa. Akautungia ugonjwa huo jina la Kigiriki, "drapetomania", wazimu wa kukimbia. Yaani mtu kaibiwa, kauzwa, katenganishwa na watoto, anataka kwenda zake, daktari haoni huzuni hapo, anaona kichaa cha miguu. Maneno yenye cheti yalikuwepo, "melancholia" ilikuwa vitabuni. Hakuitoa.

Basi watu wale wakajichukulia neno kwenye rafu ya chini. Waingereza walikuwa na msemo "blue devils", mashetani wa buluu, kwa ile hali ya kuamka umeinama bila sababu, na kufikia karne ya 18 wengine waliukata ukabaki "blues" tu. Mwaka 1862, katikati ya vita vya Marekani, Charlotte Forten, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Philadelphia, alikuwa Carolina ya Kusini akifundisha waliokuwa watumwa. Alikuwa anaandika shajara. Tarehe 14 Desemba aliandika kwamba amerudi nyumbani na "blues", akajitupa kitandani akiwa mpweke na mwenye kujihurumia. Mwalimu, kijana, mbali na kwao, anaandika usiku. Miaka 50 baadaye, 1912, W.C. Handy alipochapisha "Memphis Blues", neno lilikuwa limekuwa muziki mzima. Nafikiri ndilo neno pekee la huzuni la Kiingereza ambalo watu weusi walilichukua likawa lao kiasi kwamba Mzungu akilitumia leo anajikuta anaimba kwao.

Huku juu matajiri wakapata neno jipya. Mwaka 1869 daktari George Beard wa New York alianza kueneza "neurasthenia", kuchoka kwa neva, na katika kitabu chake cha 1881 akataja visababishi: mvuke, magazeti, telegrafu, sayansi, na wanawake kutumia akili. Msicheke, yupo leo anayesema hivyohivyo kuhusu simu. Tena huo ulikuwa ugonjwa wa ustaarabu, washenzi hawana. Wakoloni wakauleta huku na kuuongezea jua: afisa wa kizungu wa Afrika Mashariki aliyeshindwa kulala, anayelia, anayegombana na kila mtu, aliandikiwa "neurasthenia" ya tropiki na akaweza kurudishwa kwao kupumzika. Karani wake wa Kiafrika aliyekuwa na dalili zilezile aliandikiwa nini? Mvivu, nadhani. "Accidie" imerudi kwa mlango wa nyuma.

Neno "depression" lenyewe ni jipya kuliko nilivyodhani. Linatoka Kilatini, kukandamiza chini. Karne ya 18 lilitumika kwa roho iliyoshuka kama ambavyo lingetumika kwa bonde au shimo. Karne ya 19 madaktari wakalizoea. Aliyelipa kiti ni Adolf Meyer, Mswisi aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1904 alipendekeza "melancholia" iachwe. Sababu yake ilikuwa ya unyenyekevu: "melancholia" inajifanya inajua ugonjwa unatoka wapi, wakati hakuna aliyeiona nyongo nyeusi. Afadhali neno tupu lisilodai kitu. Na kweli ni tupu, uchumi ulipoanguka mwaka 1929 walilitumia, wataalamu wa hali ya hewa wanalitumia. Mwandishi William Styron, aliyenusurika na ugonjwa huu, alilalamika katika kitabu chake cha 1990 kwamba Meyer aliuharibia ugonjwa mkali jina, akauachia neno lisilo na uzito. Mimi sikubaliani naye sana. Neno tupu lina faida, halina nguo nyeusi wala kigoda. Mtu yeyote anaweza kukandamizwa.

Yeyote? Subirini.

Mwaka 1938 daktari John Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya vichaa. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa mpaka 1950. Akahesabu wagonjwa wake Waafrika akaona "depression" ni adimu mno. Badala ya kujiuliza nani analetwa Mathari, akajieleza kwamba Mwafrika hana hisia ya hatia binafsi, kila baya analitupia mchawi au mzimu, kwa hiyo hana cha kumkandamiza. Mwaka 1951 alifika mbali zaidi, akamlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wanafungwa kambini, wanachomewa vijiji, na mtaalamu wa akili wa nchi ameshaandika kwamba hawajui kuhuzunika vizuri. Frantz Fanon alimjibu kwa hasira mwaka 1961, na alikuwa na haki.

Fikirieni tu nani alifika Mathari siku zile. Aliyevua nguo sokoni, aliyempiga mtu panga, aliyeletwa na polisi. Mama aliyekaa kimya nyuma ya nyumba miezi sita, hali, hachoti maji, nani atamfunga kamba ampandishe gari? Huyo hakuhesabiwa. Hakumsumbua mkoloni.

Aliyekwenda kumtafuta ni Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyesomea tena udaktari. Alikaa Ghana vijijini, kwenye nyumba za matambiko za Waashanti, mahali ambapo watu wenyewe wanakwenda na shida zao, akatoa kitabu mwaka 1960. Akakuta wanawake wengi, wamekonda, hawalali, wanakuja kujishtaki wenyewe: mimi ni mchawi, nimewaua watoto wangu, niueni. Field aliona mara moja kwamba hiyo ni "depression", tena nzito, imejaa hatia ileile ambayo Carothers alisema hatuna. Kilichotofautiana ni maneno. Huko Nigeria nako Alexander Leighton na Thomas Adeoye Lambo na wenzao walitoa utafiti wao mwaka 1963: Wayoruba hawakuwa na neno moja la kubeba "depression" yote, lakini dalili zake walizijua, na wagonjwa walikuwepo tele. Mwaka 1968 daktari Raymond Prince akapanga ripoti zote mezani. Za kabla ya 1957 zinasema ugonjwa ni adimu Afrika, za baada zinasema ni wa kawaida. Akauliza kama ni ugonjwa uliobadilika au ni mtindo wa madaktari. 1957 ndio mwaka Ghana ilipopata uhuru. Mie nafikiri kuna watu walianza kusikilizwa, basi.

Kwa hiyo rafiki yangu alipotamka lile neno pale zahanati, alikuwa anatumia cheti ambacho babu yake asingepewa hata angelia mbele ya daktari. Hilo ndilo lililonishika.

Ila bado kuna mhudumu wa kwanza, aliyecheka. Yeye si mkoloni, ni ndugu yetu, na alichosema kila mtu anakisema. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa", kuwaza mno, ni mawazo yetu kabisa kwa maana. Mwaka 2013 Wamarekani waliliweka kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, DSM-5. Na Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsikiliza mtu kwa lugha hiyohiyo, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha benchi linasaidia. Benchi, jamani! Sisi tumejaza vimbweta chuo kizima na tunavitumia kudesa tu. Madaktari wetu nao wamelipandisha "sonona" kuwa jina la ugonjwa, na Siku ya Afya Duniani ya 2017, iliyokuwa juu ya ugonjwa huu, imelisaidia kutembea. Ni neno zuri, linauma hata kulitamka. Lakini bwenini sijasikia mtu akisema "nina sonona". Watu wana mawazo.

Mwenzangu anaendelea na dawa, na kila Alhamisi anakwenda kuongea na mtu. Ana masomo mawili ya kurudia, hakudisco. Jana usiku nilimpa asome haya kabla sijayapandisha. Alisoma polepole, nikadhani amelala, halafu akasema kuna mahali nimekosea.

"Sikumwambia nina mawazo," akasema. "Nilimwambia nina mawazo mengi. Hakusikia hilo mengi."

Nimeacha pale juu kama nilivyoandika, maana na mimi sikusikia. Haya, nakwenda kununua chapati kabla kantini haijafungwa, anasema leo anasikia njaa.